Utepe wa Msibani kwa Mzee Mabula

Siku mliyoniaga pale ofisini mlinipa saa ya ukutani, kanzu, na keki ngumu kama tofali. Nashukuru. Saa nimeitundika, kanzu inanibana kwapani, na keki wajukuu wameishinda kwa kuichovya kwenye chai. Wakati wa kula, kijana mmoja wa chumba cha video akaanza kutusimulia habari za mwongozaji wa filamu wa huko Taiwani: tuzo alizopewa, majumba yake, jinsi waigizaji wakubwa wanavyompigia magoti wapate nafasi kwenye picha zake. Kisha akanigeukia. "Mzee Maganga, na sisi tuliwahi kuwa na mtu wa namna hiyo? Kama tulikuwa naye, mali yake iko wapi?" Mkacheka nyote. Mimi nilikuwa na mfupa wa kuku mdomoni.

Tulikuwa naye. Aliitwa Salum Pazi, mwongozaji wa filamu wa kitengo chetu, na nilifanya naye kazi miaka tisa nikiwa fundi wake wa sauti. Ninyi mnamjua kama jina lililoandikwa kwa wino kwenye makopo yaliyopata kutu. Mnasikia pia kwamba alinyang'anywa kamera akaishia kulinda ghala, na kila mtu ana hadithi yake kwa nini. Hadithi zenu zote si za kweli. Ya kweli ninayo mimi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Ya vyeo na mishahara siyaandiki. Vyeo vyangu vilikuwa vitatu, na cha mwisho kilikuja na kiti kilichovunjika mguu.

Niliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru, nikitokea kwetu Ntalikwa, ambako baba yangu alilima mtama na karanga na hakuona kwa nini mtu mzima alipwe kwa kuonyesha watu picha. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunza jenereta la gari la sinema. Tulizunguka vijijini na filamu za kilimo, za kuua mbu madimbwini, za kisomo. Siku ya kwanza tulikwenda Isikizya. Nikaambiwa nisimamishe nguzo mbili na kufunga kitambaa cheupe. Nikafunga vizuri sana, ila nilikielekeza upepo unakotoka, na sikuacha upenyo wowote chini. Jua lilipozama, upepo wa kiangazi ukaja, kitambaa kikajaa, nguzo zikang'oka zikaangukia meza ya wageni, soda zote chini. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akanifuata, akanishika mkono kwa heshima: "Sinema yenu nzuri, mwanangu, ila fupi." Hilo la kuacha upenyo wa upepo chini ya kitambaa sijalisahau tena, na ninyi pia, hata kama siku hizi mnaonyesha ukumbini, mlijue.

Baadaye nikafundishwa kinasa sauti. Kilikuwa sanduku la kubeba begani, zito kama mtoto wa miaka minne na korofi kuliko yeye. Nikakipenda. Nikawa nanasa hotuba, ngoma, milango, mbuzi, mama akitwanga. Mama akachoka, akasema nikatwange mwenyewe huko kazini kwangu.

Ndipo Pazi akaja Tabora kwa treni. Alihitaji fundi wa sauti anayejua Kinyamwezi. Wakati huo tayari alikuwa na jina: filamu yake ya warina asali ilikuwa imepata tuzo ng'ambo na magazeti yaliandika. Mkuu wetu wa ofisi alivaa tai, akaandaa maneno ya kumpokea stesheni. Akashuka mtu mrefu, mwembamba, suruali imeshikiliwa na kamba, anasimamia magunia yaliyoloweshwa maji, na ndani ya magunia makopo ya filamu, yasipate joto. Niliposikia tu kwamba ni Mzaramo, ulimi ukanikimbia.

"Karibu, Mzaramo. Nazi zimekwisha huko kwenu, umekuja kuomba muhogo?"

Mkuu akaganda, tai ikamkaba. Pazi akanitazama juu mpaka chini, akanyanyua gunia moja bichi, akanitua nalo kichwani. "Babu yako alileta pembe za ndovu mpaka uani kwa babu yangu, akalala, akala, akaondoka bila kufagia. Beba, pagazi. Ndiyo kazi yenu."

Wallahi, nilicheka mpaka maji ya gunia yakaniingia masikioni. Kwa ambao hamkulelewa na wazee: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu enzi za misafara, wapagazi wetu walipofika pwani wamechoka na wenyeji wakawapokea. Mtani anakutukana usikasirike. Anachukua kitu chako usimdai. Na zaidi ya yote, mtani ana kazi msibani. Wafiwa wakiwa wamezama kwenye majonzi, yeye ndiye anayeingia na kumwiga marehemu, kumsengenya, kumfanyia vituko, mpaka watu wacheke na machozi yao. Asipofanya hivyo huonekana amewatupa. Na linalosemwa kwa utani msibani halichukuliwi kuwa kosa. Hilo la mwisho lishikeni.

Pazi alinifundisha kazi upya. Kabla ya kunasa neno lolote, alinikalisha chini mahali penyewe, maikrofoni wazi, tunanyamaza wote, tunanasa kimya. Nikamwambia anapoteza utepe wa serikali. Akasema, "Kimya cha hapa si kimya cha Dar es Salaam, pagazi. Sikiliza." Kweli: kulikuwa na nyuki, na upepo kwenye majani ya miyombo, na shoka mbali huko. Siku ya kuunganisha filamu ndipo nilipoona maana yake, kwa sababu pale maneno yanapokatwa lazima pabaki na pumzi ya mahali, la sivyo mtazamaji anashtuka bila kujua kimemshtua nini. Pia alinifundisha kwamba picha peke yake ni shahidi mwongo. "Mtu aliyefumbua mdomo," alisema, "anaimba, anapiga miayo, au anaungua. Sauti ndiyo itakwambia."

Filamu yetu kubwa ilikuwa ya kijiji kimoja kipya cha Ujamaa, upande wa barabara ya Ulyankulu. Tulikaa pale karibu mwaka, tunakwenda na kurudi. Mhusika wake alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mabula, jitu refu lenye sauti ya kukwaruza, mchapakazi, na lenye tabia moja ya ajabu: alisinzia katikati ya hotuba. Si hotuba za wengine. Zake mwenyewe. Atasema, "Ndugu wananchi, kujitegemea ni..." kisha kichwa kinalala kifuani, watu wanangoja kwa adabu, naye anazinduka na kumalizia sentensi palepale alipoiachia. Alipendana na Pazi sana. Hawakuonana bila kutukanana. Siku moja, wanakula ugali kwa mlenda, alimwambia, "Mzaramo, nikitangulia mimi, uje unizike kwa vicheko. Wanangu hawa wanajua kulia tu."

Akatangulia. Homa ya siku tatu. Tulipofika kijijini tulikuta kaburi limeshachimbwa na watu wameinamisha vichwa. Mpigapicha wetu msaidizi, Yohana, Mmoravia mtaratibu, alikuwa ameacha kamera garini kwa heshima. Mjane, Bibi Nyamizi, ndiye aliyetuuliza.

"Shikamoo, bibi. Poleni sana," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mashine zenu zimelala? Mume wangu mmemfuata mwaka mzima mpaka shambani, leo mnamwacha? Fungueni. Aonekane mpaka mwisho."

Tukafungua. Na Pazi akafanya kazi yake. Alimnyang'anya mchimbaji jembe, akagoma kulitoa mpaka wafiwa walikomboe. Akaruka ndani ya kaburi, akajinyoosha: "Hapa pananitosha mimi! Mzee wenu mrefu, mtafutieni pengine!" Akavaa kofia ya marehemu, akapanda juu ya fungu la udongo, akakwaruza sauti: "Ndugu wananchi, kujitegemea ni..." Akasinzia. Akakoroma. Akazinduka: "...ni ninyi kulima na mimi kuota ndoto!" Jamani. Ile sauti ilikuwa ya Mzee Mabula hasa. Watoto wa marehemu waliinama wameshika matumbo. Bibi Nyamizi aliweka mikono kichwani, mdomo wazi, machozi yanamtiririka, anacheka kama msichana. Akasema maneno niliyoyasikia kwenye visikizio vyangu, safi kabisa: "Ndiye! Ndiye huyo! Wabeja, mtani. Umenirudishia mume wangu." Wabeja ni asante. Halafu wakamzika, na Pazi akasimama pembeni, akalia peke yake nyuma ya gari.

Filamu zikaenda kusafishwa, kazi ya wiki nyingi siku zile. Utepe wa sauti ukabaki kwangu.

Kabla filamu hazijarudi, ikaja barua. Ofisa mmoja mgeni alikuwepo pale mazikoni, mtu wa mkoa wa mbali, na aliyoyaona yalimchefua. Aliandika kwa wakubwa kwamba mwongozaji wa serikali amemkejeli hadharani mwenyekiti wa kijiji aliyekufa, na siasa ya Ujamaa pamoja naye. Siku zile neno hilo halikuwa dogo. Mtu angeweza kupoteza kazi, na akina sisi tuliosimama karibu naye tungeulizwa tulisimamia nini. Kikao kikapangwa Dar es Salaam. Pazi aliposomewa barua alisema tu, "Wataona wenyewe. Yote yamo."

Mimi nikajifungia chumba cha vifaa mchana, nikausikiliza ule utepe. "Ninyi kulima na mimi kuota ndoto." Nikaurudisha, nikausikiliza tena. Lo! Kila nilipourudia, maneno yalizidi kuwa mabaya. Nikaona kikao kizima kinayasikia, nikamwona Pazi anapelekwa jela, nikajiona mimi nyuma yake na mkanda wa kinasa sauti begani. Maneno ya Bibi Nyamizi yalikuwa palepale, pumzi mbili mbele. Niliyasikia. Lakini mtu mwenye woga husikia analoliogopa. Nikachomoa maikrofoni, nikabonyeza kitufe cha kunasa, nikaacha utepe upite wote ukinasa bure. Ndivyo utepe unavyofutwa, na haurudi. Nilitoka pale nimejaa fahari. Nilijiambia, Maganga, leo umemwokoa mtani wako.

Kwenye kikao walikuwa watu watatu. Mwenyekiti wao alikuwa mama mtu mzima kutoka Kusini, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Projekta ikawashwa. Picha ikaja bila sauti.

Nawaombeni mfikirie ambacho mngekiona kama mngekuwa mle ndani. Mtu anampokonya mchimbaji jembe. Mtu anaruka ndani ya kaburi. Anavaa kofia ya marehemu, anapayuka juu ya udongo, anajifanya amelala. Watoto wa marehemu wameinama wameshika matumbo, kama watu waliopigwa. Na mjane, mikono kichwani, mdomo wazi, machozi. Hakuna aliyecheka kwenye ile picha. Mimi nilikuwepo, najua walicheka, na hata mimi sikuona kicheko.

Mmoja wa wajumbe akasema, "Tazameni mama wa watu anavyolia." Yule mwenyekiti akavua miwani, akaifuta.

"Ndugu Pazi, hata kwetu utani upo," akasema. "Najua mtani kazi yake. Lakini najua pia watu wanaojificha nyuma ya utani. Sitaki maelezo. Nipeni sauti ya huyu mama. Nikimsikia anacheka, nalifunga hili faili sasa hivi, twende tukanywe chai."

Pazi akanigeukia, uso wake umekunjuka. "Maganga, weka utepe."

Nikasema, "Utepe uliharibika, Ndugu Mwenyekiti. Haukunasa kitu."

Pazi akanitazama. Si kwa muda mrefu. Nami nikajitahidi: nikasema nilikuwepo, mjane alicheka, alishukuru. Yule mjumbe akasema, "Wewe ni mtu wake." Mwenyekiti akauliza kama mjane anaweza kuletwa, mjumbe akajibu kwamba mjane wa kijijini akifuatwa na gari la serikali atasema lolote analodhani linatakiwa. Na kweli, hapo alikuwa na haki. Sauti ya siku ile ndiyo isingemwogopa mtu.

Mwenyekiti akamuuliza Pazi kama ana la kuongeza. Ningeweza kusimama. Ningesema, nimefuta mimi kwa woga, haya ndiyo yaliyokuwemo. Labda wasingeniamini, lakini ningekuwa nimesema. Nilibaki kwenye kiti. Pazi akasema, "Ni kweli, Ndugu Mwenyekiti. Vifaa vyetu ni vibovu. Kijana huyu hana kosa."

Hawakumfunga. Walimwondoa kwenye kamera, wakampa ghala la mabango na vipeperushi huko kwao pwani, na filamu ya Mzee Mabula ikafungiwa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kidogo, kazi yake bora ilikuwa bado mbele. Hakuongoza filamu nyingine mpaka anakufa. Bibi Nyamizi alikuwa akimsimamisha kila dereva wa serikali anayepita, anauliza sinema ya mume wake italetwa lini, na mimi nikaanza kuomba safari za upande mwingine.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu. Nilifundisha wengi wenu, nilisifiwa kwa kutunza tepu, mkaniita maktaba. Pazi alikuwa akiniandikia barua, za matusi tupu: "Kwako pagazi mvivu, hujambo?" Mara mbili nilikwenda kumtembelea Kisarawe. Mara zote mbili nilikwenda na neno langu, nikarudi nalo. Mara ya pili tulikaa barazani kutwa. Nilifungua mdomo, naye akasema, "Usiniambie habari za kazi, mtani. Kula muhogo." Sijui mpaka leo kama alijua. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kimeniuma, na nadhani alijua. Lakini kudhani si kujua, na ningeweza kumuuliza.

Alipofariki, simu ilinikuta Tabora. Mazishi sikuyawahi, maana treni yetu mnaijua. Nikaenda kwenye arobaini. Watu walikuwa wengi uani, na wachache walikuwa wakichungulia milango, wanatafuta zile mali za mtu mwenye tuzo ya ng'ambo. Kulikuwa na kitanda, redio, majembe mawili, na suti moja ya kahawia aliyoivaa siku ya kupokea tuzo. Binti yake mkubwa, Mwajuma, akaniona naingia. Akapiga kelele, "Mnyamwezi amefika! Baba alisema atakuja! Njoo, mtani, tumechoka kulia!"

Ningefanyaje? Ilikuwa zamu yangu. Nikaivaa ile suti, mikono ikaning'inia. Nikaikaza suruali kwa kamba. Nikatembea kwa hatua zake ndefu, nikaweka kidole sikioni, nikawaamuru waombolezaji wote wanyamaze ninase kimya cha Kizaramo, nikawaambia kina kelele kuliko vyote nchini. Nikadai majumba yake na magari yake yaletwe niyabebe mpaka Tabora, wakaniletea jembe. Walicheka sana. Na katikati ya vicheko, nikaacha kuigiza. Nikavua koti, nikasimama mbele yao.

"Jamani, nyamazeni," nikasema. "Sasa nasema kweli. Siku ile kwenye kikao, sauti ya mjane ilikuwepo. Niliifuta mimi, kwa mkono huu, kwa woga. Nikadanganya mbele ya ndugu yenu, naye akanifichia. Aliyemnyang'anya Salum Pazi kamera ni mimi."

Kisha mzee mmoja nyuma akapiga mapaja: "Ah! Mnyamwezi huyu mwongo!" Ua mzima ukaangua kicheko. Nikasema, "Wallahi, si utani," wakazidi kucheka. Nikawa nalia mpaka kamasi zinanitoka, wakawa wananinyooshea vidole. Mwajuma akaja na kanga yake, akanifuta uso, mbavu hana kwa kicheko.

"Mtani, hata kulia unakujua!" akasema. "Baba angefurahi. Mpeni kuku wake, amefanya kazi."

Wakanipa kuku. Nikampokea.